Nani Atakaa Meza ya Kina Teague?

Pruitt, Missouri
2 Agosti

Mwanangu Lyndon,

Mama yako mzima, ni magoti tu yananigombeza nikipanda ngazi. Mbwa hajambo. Pikapu ya marehemu baba yako nayo haijambo, inawaka mara ya kwanza kila asubuhi, na wako vijana hapa mjini hawawezi kusema hivyo. Ninyi huko Minneapolis mko salama? Mgongo wa Ingrid unaendeleaje? Na mjukuu wangu Maren, bado anarefuka? Mwambie bibi yake anamtaja kanisani kila Jumapili, mpaka mchungaji ameniomba niwaachie na wengine nafasi ya kutoa shukrani.

Najua utasema, mama si upige simu. Simu unanikatia. Unasema "mama, mtandao unasumbua," na huku nyuma nasikia televisheni yako inaendelea bila kusumbuliwa na kitu. Barua huwezi kuikata. Barua inakaa pale ulipoiweka na kukutazama mpaka uisome.

Habari za hapa ni nzuri. Kwenye chakula cha pamoja cha kanisa pai yangu ya nazi iliisha watu hawajamaliza hata kusema amina. Pai ya Earlene Sipes, jirani yetu, ilirudi nyumbani nzima. Nilimwona kwa macho yangu akiwa kwenye gari anajikatia kipande, ili mumewe asijue. Nilimwonea huruma sana, ndiyo maana nimewaambia watu wachache tu.

Sasa jambo lenyewe. Maonyesho makubwa ya bunduki ni Novemba, wikendi ile ya kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, ukumbi ule ule wa mifugo. Sheria ya chama unaijua. Meza ni ya jina. Babu yako aliikalia, baba yako akaikalia, na itabaki ya kina Teague maadamu yupo Teague mmoja wa kuikalia siku zote mbili, tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Mwaka jana walituachia kwa sababu ya msiba. Waliitandika kitambaa cheusi, wakaweka picha ya baba yako na yule bata mzinga aliyemwinda. Mwaka huu hakuna kitambaa. Mwenyekiti Delbert Fugate alikuja mwenyewe hapa barazani, akavua kofia, nikajua hakuna heri.

"Wilodean," akasema, "wewe ni mtu wetu. Lakini sheria ni sheria. Asipokaa mtu, meza ya Hollis inakwenda kwa yule bwana wa nyama kavu."

Nyama kavu, Lyndon! Mahali alipokuwa baba yako anaweka gobore la enzi ya vita vya Kusini na Kaskazini, pawekwe vipande vya nyama vyenye ladha ya nanasi!

Nikamwambia Delbert, mwanangu anakuja. Nikamwambia na Earlene. Nikawaambia watu wa benki, na yule kijana wa kituo cha mafuta, ingawa hakuniuliza. Kwa hiyo jambo limekwisha. Bunduki zote nimezipaka mafuta. Njoo na koti zito, ukumbi ule unaujua.

Ni mimi mama yako,
Wilodean


Minneapolis
29 Agosti

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Tuko wazima. Mgongo wa Ingrid una nafuu. Siku hizi anakwenda mahali analala sakafuni akipumua, na kuna mtu amesomea kumwangalia akipumua. Maren amenipita urefu na anajibu kwa neno moja. Bafuni tumebadilisha vigae. Rangi yake dukani wanaiita Ukungu wa Asubuhi. Ni kijivu.

Mimi nimepata kitu cha kujishughulisha nacho. Napika mkate wa chachu ya kienyeji. Chachu inakaa kwenye chupa, unailisha unga na maji kila siku, ukisahau inakufa. Yangu nimeipa jina, Bwana Gunnar. Tuko wengi huku. Kila mwezi tunakutana kwenye ukumbi wa maktaba, kila mmoja na meza yake na chupa yake, watu wanapita wananusa na kuuliza maswali. Usicheke. Kuna mzee mmoja ana chachu ya bibi wa bibi yake.

Kuhusu Novemba, ngoja niangalie kalenda. Hivi siku hizi watu bado wanakuja kwenye hayo maonyesho? Nauliza tu. Nasikia sehemu nyingi yamepungua, vijana hawaji tena.

Nakutumia picha ya bafu.

Lyndon


Pruitt
6 Septemba

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Hapa pia tuko wazima, ila mbwa amekula soksi. Picha ya bafu nimeibandika kwenye friji. Nimemwambia Earlene vigae vimetoka Italia, kwa hiyo akikuuliza usiniaibishe.

Huyo Bwana Gunnar alinitia wasiwasi. Nilipofika pale nilidhani mmempangisha mzee na mnamlisha unga na maji. Nikasoma tena, nikaelewa. Baba yako alilea mbwa wa kuwinda, wewe unalea donge. Si neno, kila mtu na alichojaaliwa. Nimewaambia watu una kiwanda cha mikate.

Unauliza kama watu wanakuja. Lyndon! Watu wanafurika! Juzi tulikuwa na yale maonyesho madogo ya Septemba, na Delbert alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba idadi imeupita mwaka jana, na mwaka jana iliupita wa juzi. Clovis Bain ndiye anakaa mlangoni na kile kidude cha kuhesabia, akiona mtu anaingia anabonyeza. Hakosei huyo, alikuwa askari wa majini. Na unajua choo cha ukumbini kimeharibika tangu majira ya kuchipua, inabidi wanachama watoke nje wavuke uwanja mpaka choo cha upande wa farasi, halafu warudi. Wanatoka, wanaingia, Clovis anabonyeza. Wanatoka, wanaingia, anabonyeza. Wanachama wetu wengi wamepita miaka sabini, na kahawa napika mimi, kali. Basi namba inapanda tu.

Earlene na mdomo wake akaniambia, "Wilodean, mnahesabu vibofu."

Nikamwambia, "Kibofu hakiji peke yake, Earlene. Kinaletwa na mtu."

Na vijana walikuwepo. Alikuwepo mtoto wa Clovis, ana miaka hamsini na saba tu. Alimleta baba yake, akabaki garini.

Biashara ndiyo usiseme. Unaikumbuka ile bunduki ya mitutu miwili ya Delbert, yenye kitako cha mti wa jozi? Asubuhi Clovis aliinunua. Mchana akambadilishia mzee mmoja wa meza ya pili kwa kisu na kofia ya ngozi. Kabla ya kufunga, yule mzee akamuuzia Delbert. Delbert akarudi nayo nyumbani ameibeba kama mtoto mchanga, anasema tangu aanze kukusanya hajawahi kupata kitu kizuri kama kile.

Kwa hiyo usisikilize maneno ya watu. Meza ya baba yako ni ile ile, karibu na jiko, nimeipigia pasi kitambaa cha kijani.

Kalenda umeiangalia?

Mama yako


Minneapolis
4 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Natumaini mbwa amepona na soksi imepatikana. Huku kumeanza baridi. Ingrid anakusalimu. Maren naye anakusalimu, au tuseme alitikisa kichwa nilipomwambia nakuandikia.

Kalenda nimeiangalia. Wikendi hiyo ndiyo tamasha letu la mwaka la chachu, watu wanatoka mpaka majimbo ya jirani, na nilikuwa nimeshachukua meza. Maren alitakiwa kunisaidia lakini amekataa. Mwezi uliopita nilimpeleka, nikampa kiti pembeni yangu, akakaa na vile vitu vya masikioni mpaka mwisho. Sijui vijana wa sasa wana nini. Nilikuwa nazungumza na watu wa maana kabisa muda wote, angesikiliza angejifunza mengi.

Mama, nilikuwa nafikiri. Labda meza uiachie tu. Bunduki za baba zinaweza kwenda makumbusho ya kaunti, waweke na kibao chenye jina lake. Hapa kwetu chini kuna chumba kitupu, kina mlango wake na bafu lake, lile la vigae. Pruitt kuna theluji, kuna ngazi, kuna magoti yako. Fikiria. Sina haraka.

Lyndon


Pruitt
8 Oktoba

Lyndon,

Mbwa hajambo. Pikapu haijambo. Mimi usiniulize.

Kwa hiyo mtu akifiwa na mume anapelekwa akalale kwenye Ukungu wa Asubuhi. Sawa. Sikusoma sana mimi, niliacha shule nikaingia kiwanda cha viatu, lakini barua yako nimeielewa vizuri. Nimeisoma nimesimama.

Makumbusho ya kaunti ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya maji, na ndani kuna ndama mwenye vichwa viwili. Huko ndiko unataka jina la baba yako likae?

Wewe hujui nimesema nini hapa mjini. Nimesema unakuja. Nimesema umeomba ruhusa kiwandani kwako, kwenye mikate. Nimesema utaleta koti la baba yako la kuwindia ulivae. Koti lenyewe ninalo mimi hapa, nililiosha. Sasa Delbert amepita tena na yule bwana wa nyama kavu alikuwa garini, Lyndon, alikuwa garini ananipungia mkono!

Na Earlene ndiyo amepata pa kupumulia. Unamjua kijana wake Travis, yule aliyeanguka darasa la saba. Yuko Kansas City, kila Ijumaa anakwenda baa moja wanarusha mashoka ukutani. Wanalipa kabisa, warushe mashoka kwenye ubao, kuni zenyewe hawachukui. Juzi kwenye foleni ya duka la dawa Earlene akasema, watu wote wanasikia, "Angalau wangu anashika chuma."

Nikasema, "Wangu ana watu wanasafiri kutoka majimbo mengine kuja kumnusa."

Haikutoka nilivyotaka. Foleni nzima iligeuka.

Sikiliza, mwanangu. Kama huji, huji, mimi si mtu wa kukuvuta sikio tena. Lakini nipe sababu moja iliyonyooka. Usinipe kalenda. Usinipe mgongo wa mke wako. Baba yako amekuacha na nini kibaya, mpaka siku mbili za mwaka zikushinde?

Mama


Minneapolis
20 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Huku wote wazima. Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Umeomba sababu iliyonyooka. Sina ugomvi na bunduki. Ingrid hajanikataza, na wenzangu wa mikate hawajanibadilisha kichwa, kama labda unavyodhani.

Tangu nilipokuwa na miaka sita mpaka niondoke nyumbani, karibu kila maonyesho, baba alinikalisha kwenye kile kiti cha kukunja, mkono wake wa kushoto. Alizungumza na kila aliyepita. Alimchekesha Delbert, alimchekesha Clovis, mtu asiyemjua kabisa alimweleza habari za gobore lile kwa nusu saa, na mikono inacheza. Halafu mtu akienda, ananyamaza mpaka apite mwingine. Mimi nilikuwa pale, mama. Nilikuwa naona sikio lake. Nikiulizwa baba yako alikuwaje, naweza kukuchorea lile sikio lote, na nywele zake, na kovu la ule mwiba. Uso wake alipokuwa anacheka niliuona kwenye picha ulizopiga wewe.

Njiani kurudi alikuwa amechoka, tulisikiliza redio.

Sitaki kurudi kwenye kile kiti. Ndiyo hiyo tu. Meza waichukue wanaoitaka.

Nakupenda. Chumba cha chini bado kipo.

Lyndon


Minneapolis
7 Novemba

Mama,

Hujanijibu. Simu hupokei. Nimempigia Delbert, akasema uko salama ila "ana shughuli, na ameniambia nisimuulize shughuli gani." Halafu akakata, akisingizia mtandao.

Umekasirika? Nilikosa kusema vile? Niandikie hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Lyndon


Pruitt
18 Novemba

Mwanangu Lyndon,

Mimi mzima. Mbwa mzima, pikapu nzima, na hata magoti nimeyasamehe. Ninyi je? Nimechelewa kukuandikia kwa sababu barua yako nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni, na kila nikikaa niijibu nakuta sina la kusema. Mama yako kukosa la kusema! Andika tarehe.

Sikukasirika. Nililia kidogo, nikapika pai tatu, nikampelekea Earlene moja, uone nilivyokuwa vibaya.

Halafu Ijumaa jioni nikapakia bunduki za baba yako kwenye pikapu. Jumamosi nikawa mlangoni hata Clovis hajafika na kidude chake. Nikafungiwa zile kamba za plastiki za usalama kwenye vifyatulio, gobore na zote, nikatandika kitambaa cha kijani, nikavaa koti la baba yako la kuwindia na kukaa. Kwenye kile kiti chako nilimweka Earlene. Aliniambia anakuja kunishika mkono. Najua alikuja kuona nikifukuzwa.

Delbert akaja. "Lyndon yuko wapi?"

"Anaegesha gari."

Akaenda, akarudi. "Wilodean, gari gani? Uwanja wote uko wazi mpaka barabarani."

"Basi haji. Nimekaa mimi."

"Lakini meza ni ya kina Teague."

"Na mimi ni nani, Delbert?"

"Wewe ni… wewe ni mke wa Hollis."

Nikasimama. Nikamwambia, kule makaburini, jiwe la Hollis lina majina mawili. La kwake limekwisha. La kwangu liko pembeni yake, fundi amelichonga kabisa, amebakiza tarehe tu, na kila Jumapili nikipeleka maua najisoma pale. Wilodean Teague. Kama jina linanitosha kuzikwa nalo, linanitosha kukalia kiti cha kukunja. Au chama chenu kina masharti makali kuliko kaburi?

Wazee wakaenda kujadiliana kando ya kipasha joto. Niliwasikia. Walijadili kipasha joto, kwamba hakifanyi kazi. Kisha Delbert akarudi, akavaa kofia, akasema, "Kahawa utapika bado?"

Nikasema, "Mtapika ninyi. Mimi nina meza."

Basi ikawa hivyo, meza ni yetu. Bwana wa nyama kavu amepewa ya kona, na nakuambia ukweli nyama yake ya nanasi si mbaya.

Sitakudanganya kuhusu watu. Clovis alibonyeza mpaka kidole kikavimba, lakini mimi sasa nilikuwa nimekaa, natazama wanaopita, na wanaopita ni wale wale. Walikuja vijana wawili wenye ndevu, moyo ukaniruka. Nikawaeleza gobore lote, vita alivyopigana babu wa babu yako, na vingine nikamwongezea. Wakasikiliza kwa adabu. Kumbe walikuwa wanatafuta maonyesho ya maua ya chungu, na ni wiki ijayo. Hata hivyo mmoja alisema koti langu zuri.

Lakini ngoja nikuambie kilichonifanya nikuandikie.

Lyndon, nilifurahi pale. Sijui niseme vipi. Miaka yote nilikuwa jikoni nyuma, nasikia kicheko cha baba yako ukutani, sijui anacheka nini. Sasa wakaja kwangu, mmoja mmoja, wananiambia habari za Hollis ambazo sijapata kuzisikia, na mimi nawaambia zangu, nawachekesha, mikono inacheza. Nilisema kutwa nzima. Nilikuwa kama nimewashwa. Jumapili, saa za mwisho, Delbert akapita akaniuliza, "Earlene alikwenda saa ngapi?"

Nikageuka. Kiti kitupu.

Alikuwa amekwenda nyumbani tangu mchana. Anasema aliniaga, tena mara mbili, na mimi nikamjibu "ee." Anasema Jumamosi nzima hakupata kunieleza kwamba Travis ameachwa na mchumba, na ndicho kilichomleta. Alikaa siku nzima karibu nami zaidi kuliko anavyokaa kanisani, na mimi ukiniuliza alivaa nini, sijui. Mtu akikaa nyuma ya meza, uso wote unakwenda mbele. Aliye pembeni hupati kumwona. Hata ukimpenda. Hata kama ndiye uliyemleta ili awe karibu nawe.

Sisemi baba yako alifanya vyema. Angekuwa hai ningemgeuza shingo kwa mikono yangu. Nakuambia tu nilichokiona nikiwa kwenye kiti chake, kwa sababu ulinipa neno lililonyooka, na mimi nakupa la kwangu.

Jioni ile ile nikachukua kile kiti cha kukunja, nikakizungusha, nikakiweka mbele ya meza, kinanielekea mimi, mgongo kwa watu. Delbert akaona.

"Wilodean, hicho kinaziba njia."

"Njia ya nani?"

Akatazama upande wa mlangoni. Akatazama upande wa jikoni. Akasimama pale na ile bunduki yake ya mitutu miwili mkononi, alikuwa ameshainunua tena. Halafu akakikalia, akaanza kunieleza habari za binti yake aliyeko Denver, na mimi sikujua hata kama ana binti Denver. Alikaa mpaka wanazima taa. Nilimwachia kwa siku hiyo tu, nikamwambia kina mwenyewe.

Machi kuna maonyesho mengine. Sikuombi ukae meza, meza ina mtu. Uje ukae pale mbele, nikuone, unione, utaniambia huo mkate unaupikaje na mimi nitakudanganya kwamba nimeelewa. Wakitaka kupita watu, watazunguka.

Na chumba chako cha chini mpangishe Gunnar, mimi sihami.

Nimalizie na moja, halafu nikampe mbwa chakula. Huko kwenye chupa zenu, kiti unachompa Maren unakiweka upande gani wa meza?

Mama yako,
Wilodean Teague, mwenye meza